Jumla ya torki kwenye jiwe la kunolea: kwa nini jibu ni 0.6 na si 6.6

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma ufundi mitambo na hesabu moja imenishinda. Jiwe la kunolea lenye umbo la diski lina tungamo la kilo 10 na nusu kipenyo cha mita 0.20, nalo linazunguka mara 1,400 kwa dakika. Kwenye shafti yake imefungwa puli ndogo yenye nusu kipenyo cha mita 0.05. Upande uliokaza wa mkanda unavuta kwa niutoni 120, na upande uliolegea kwa niutoni 40. Patasi inakandamizwa kwenye ukingo wa jiwe kuelekea katikati kwa niutoni 30, na msuguano wake ni nusu ya kani hiyo. Beringi zinazuia kwa torki ya niutoni mita 0.4. Nimetoa 30 na 15 kwenye 80 nikapata 35, nikazidisha kwa 0.20, kisha nikaondoa 0.4. Nimepata 6.6, lakini kitabu kinasema 0.6. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa lako si la kuzidisha wala kutoa, bali la mpangilio: umejumlisha kani kwanza, ndipo ukatafuta torki. Torki, yaani uwezo wa kani wa kuzungusha kitu, haitegemei ukubwa wa kani peke yake, bali pia mahali inaposhika na upande inakoelekea. Kwa hiyo kila kani ni lazima itafutiwe torki yake yenyewe kutoka kwenye mhimili, ndipo torki hizo zijumlishwe.

Pindua baiskeli matairi yawe juu, kama afanyavyo fundi anapoziba pancha, kisha bonyeza tairi kwa dole gumba ukielekeza kani kwenye habu. Hata ukibonyeza kwa nguvu zako zote, gurudumu halitazunguka. Sasa lipapase kwa ubavu, ukifuata ukingo wake, nalo litazunguka kwa kani ndogo kabisa. Niutoni 30 za patasi yako ni lile dole gumba linalobonyeza kuelekea katikati: mstari wake unapita kwenye mhimili, kwa hiyo torki yake ni sifuri. Ndivyo ulivyo pia uzito wa jiwe lenyewe, na ndiyo maana hauingii kwenye hesabu.

Kinachobaki ni hiki. Tuchukue upande jiwe linakozunguka kuwa chanya. Mkanda hauligusi jiwe, unaigusa puli, kwa hiyo umbali wake ni mita 0.05 na si 0.20, hapa ndipo jibu lako lilipovimba zaidi. Upande uliokaza unatoa 120 × 0.05, yaani niutoni mita 6.0, na uliolegea unarudisha nyuma 40 × 0.05, yaani 2.0, hivyo mkanda unachangia 4.0. Msuguano wa patasi ni niutoni 15 kwenye ukingo, nao unapinga mzunguko: 15 × 0.20 ni 3.0 hasi. Ukiongeza 0.4 hasi ya beringi, unapata 4.0 − 3.0 − 0.4 = niutoni mita 0.6.

Huenda unajiuliza zile kani ulizozijumlisha zinakwenda wapi. Beringi zinazisukuma nyuma zote, ndiyo maana shafti haihami mahali pake. Ukizihesabu na kani za beringi, jumla ya kani kwenye jiwe hili ni sifuri kamili, ilhali jumla ya torki si sifuri. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko tarakimu zenyewe.

Kani ikiwa imeinama, zidisha umbali kwa kani kwa saini (sin) ya pembe iliyo kati ya kani na nusu kipenyo. Angalia tu pembe imepimwa kutoka wapi: ikiwa imepimwa kutoka kwenye mstari unaougusa ukingo, basi unahitaji kosaini. Wanafunzi wengi wazuri huanguka hapo.

Mizunguko 1,400 haikuingia popote, na haikupaswa kuingia. Kasi inatuambia tu msuguano unaelekea upande gani. Torki inahusika na mabadiliko ya kasi. Momenti ya inesha, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyopinga kubadilishiwa kasi ya kuzunguka, kwa diski iliyojaa ni nusu ya tungamo mara mraba wa nusu kipenyo, yaani 0.5 × 10 × 0.04 = 0.2, tukiacha puli kwa kuwa ni ndogo. Gawanya 0.6 kwa 0.2 upate mchapuko wa radiani 3 kwa sekunde mraba. Mvuto wa mkanda ukibaki vilevile, baada ya sekunde moja jiwe litakuwa linazunguka takriban mara 1,429 kwa dakika. Katika karakana mvuto huo hubadilika kasi inapobadilika, kwa hiyo hesabu hii ni ya papo kwa papo.

Jaribu pia kutafuta ni kani gani ya kukandamiza ingelifanya jiwe lizunguke kwa kasi isiyobadilika. Torki ya msuguano ingepaswa kuwa 3.6, msuguano wenyewe niutoni 18, na patasi ikandamizwe kwa niutoni 36. Ukifika niutoni 40, torki ya jumla inakuwa 0.4 hasi, na jiwe linapunguza mwendo kwa radiani 2 kwa sekunde mraba.