Wanamtafuta mtu wa nne

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza: majongi ya Kijapani, mchezo wa vigae, umejifunza kwenye simu, sasa unataka kukaa mezani na watu, utawapata wapi huko Osaka nawe bado mgeni? Nimefurahi mno kuulizwa. Miaka yangu ya masomo huko, meza hiyo ndiyo iliyonifungua ulimi.

Nyumba za kuchezea hutazikosa. Karibu na stesheni kubwa inua macho, ghorofa ya pili au ya tatu utaona kibao kimeandikwa 麻雀. Hiyo ni janso. Lakini kabla hujapanda ngazi, jua kuna namna mbili. Setto, mnakwenda wenyewe wanne mkakodi meza kwa saa. Furii, unakwenda peke yako, unapangiwa meza na usiowajua, na mtu akipungua mfanyakazi wa hapo anakaa.

Najua utavutwa na furii. Usianzie huko, mwanangu. Nyingi huchezewa pesa, ingawa sheria ya Japani inakataza kamari. Mwaka 2020 kiongozi wa waendesha mashtaka wa Tokyo, Hiromu Kurokawa, alijiuzulu kwa kucheza majongi ya pesa na waandishi wa habari. Mimi niliingia bila kuuliza kiwango, nikatoka nimeacha pesa ya chakula ya wiki mbili. Nyumbani sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza. Uliza mlangoni, "No-reeto?", yaani pointi ni pointi tu, hazigeuzwi yeni. Wakisema sivyo, shukuru uondoke.

Nenda kwa wazee. Kuna majongi wanayoiita kenko, ya afya: hakuna kamari, hakuna pombe, hakuna sigara. Huchezwa hata kwenye vituo vya jamii vya mitaa, na wengi wao ni wastaafu. Bao letu ni la wawili, mgeni anaweza kusimama pembeni mwezi mzima akitazama. Majongi ni ya wanne. Wazee watatu waliokwisha kukaa wanamngoja wa nne kwa hamu, na hawatauliza umetoka wapi hadi mchezo uishe. Hapo Osaka wanapenda pia mchezo wa watatu, unaoondolewa vigae vya wan, moja ya jamii za vigae vya namba, kuanzia 2 hadi 8, vikabaki 108 badala ya 136. Ukialikwa, kubali.

Ila simu imekudekeza, maana inakuhesabia pointi. Mezani utahesabu mwenyewe. Thamani ya ushindi hupimwa kwa han, na fu ni vipimo vidogo vinavyoongezea. Anza na kidogo: han 1 kwa fu 30 ni pointi 1,000, na kwa aliyekaa Mashariki, yaani mwenye zamu ya uongozi wa meza, 1,500. Zoea kutamka "richi" (nimebakiza kigae kimoja nishinde), "ron" (nimeshinda kwa kigae ulichotupa) na "tsumo" (nimeshinda kwa kigae nilichookota mwenyewe) kwa sauti ya kusikika, na vigae unavyovitupa vipange mbele yako sita sita kwa mstari. Mtu akiona mstari wako umenyooka, anajua umefundishwa.

Nenda wiki hii hii, usingoje Kijapani chako kikomae. Korosho nilizokutumia zipeleke, mkaribishane. Futa vidole vizuri kabla ya kushika vigae, kisha uniandikie umekaa na nani.

Baba yako