Mesa Verde kwa siku moja ukiwa na mama mwenye magoti mabovu

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuziona nyumba za kale za magengeni katika hifadhi ya Mesa Verde, kule Colorado, Marekani, ukiwa na mama mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka kumi. Inatosha, mradi usitake kuona kila kitu. Nyumba za magengeni ziko kama 600, ila za kuingia ni chache sana, na nyingi kati ya hizo ni lazima uongozwe na askari wa hifadhi.

Anza na tiketi za ziara hizo. Zinafunguliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov siku 14 kabla, saa 2:00 asubuhi ya Colorado. Kiangazi cha huko, hiyo ni saa 11:00 jioni Dar na Nairobi. Uwe umeshaingia kwenye akaunti yako mapema, maana za nyumba iitwayo Cliff Palace huisha upesi.

Wengi hukosea hapa: wanahesabu muda wa kufika getini tu. Kutoka geti la barabara kuu ya 160 hadi kwenye nyumba za upande wa Chapin Mesa kuna kama kilomita 34 za kona na miinuko, kwa hiyo tenga saa nzima. Na kama mnatokea Grand Canyon, jimbo la Arizona, kumbukeni kwamba huko hawasogezi saa mbele kiangazi kama Colorado. Kiangazi Colorado iko mbele kwa saa moja. Kundi halimsubiri mchelewaji.

Kati ya ziara mbili za upande huo, nyie chukueni Cliff Palace. Ndiyo kubwa kuliko zote, vyumba kama 150, na ugumu wake ni vidato vya mawe visivyolingana na ngazi fupi za mbao. Balcony House ni kazi nyingine: ngazi ya karibu mita 10 ukiwa wazi juu ya genge, kisha unatambaa kwenye upenyo wa upana wa sentimita 46. Anayeogopa urefu asiende.

Mama asilazimishwe hata Cliff Palace. Mzungushe kwa gari Mesa Top Loop, kilomita kama 10, vituo viko karibu na barabara. Pale Sun Point View ataiona Cliff Palace yote ng'ambo ya bonde. Spruce Tree House imefungwa tangu 2015 kwa sababu ya mawe yanayoporomoka, lakini huonekana vizuri kutoka karibu na makumbusho. Wetherill Mesa, upande mwingine wa hifadhi, iacheni, itakula siku yenu.

Mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, pumzi itakata mapema. Bebeni maji ya kutosha.

Mkiwa ndani ya Cliff Palace, tazameni ukuta wa nyuma. Maji hupenya jiwe la mchanga, yakikuta tabaka gumu la udongo chini yake yanatokeza pembeni. Baridi ikiyagandisha, jiwe linapasuka na kumomonyoka. Hivyo ndivyo pango lilivyochimbika, na chemchemi hizohizo ndizo walizokunywa wenyeji. Msiegemee kuta, zimeungwa kwa tope.

Nyumba nyingi zilijengwa miaka ya 1200, na ukame ulioanza 1276 ulichangia watu kuhamia kusini. Mtoto asiambiwe kwamba walitoweka. Wahopi, Wazuni na Wapueblo wa bonde la Rio Grande ni wajukuu zao, wapo hadi leo, na kile chumba cha mviringo kilichozama ardhini, kiva, bado ni mahali pao pa ibada.