Nani Aliyeipima Kazi Nyepesi? Maswali na Majibu Kuhusu Ujira

Wiki mbili zilizopita niligusia habari ya vibarua wa kike wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanaolipwa pungufu ya wanaume, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kuanzia Mbarali mpaka Tukuyu, mengine ya hasira, mengine ya utani, na moja limeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Nimeyafupisha na kuondoa majina. Anayeuliza ajue pia anayejibu ni nani: nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la chai kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo baadhi ya madhambi nitakayoyataja hapa nilikuwa nayatia sahihi mwenyewe.

Dada, msimu huu tulipandikiza mpunga kwa 6,000 kwa siku. Wanaume waliokuwa wakivuruga majaruba shamba hilohilo walilipwa 9,000. Tajiri anasema yetu ni kazi nyepesi. Ni haki? (Ubaruku, Mbarali)

Hilo neno "nyepesi" limekula pesa nyingi za wanawake kuliko mwizi yeyote ninayemfahamu. Ofisini kwetu daftari la vibarua lilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kazi nzito ulikuwa na wapakia magunia, wakata kuni, waendesha mashine, na mlinzi wa geti, ambaye kutwa nzima alikaa kwenye kiti akisikiliza redio. Ukurasa wa kazi nyepesi ulikuwa na wapalilia, wachuma chai, na akina mama wawili waliokuwa wakipandisha mlima na ndoo za maji kichwani kupeleka kitaluni. Niliikuta hivyo, nikaiendeleza hivyo. Hakuna aliyewahi kupima chochote. Kazi ilikuwa nzito kwa sababu ilifanywa na mwanamume, basi.

Sasa itazame kazi yako. Unainama tangu asubuhi, maji yamefika kwenye mashavu ya miguu, ruba nao hawana likizo. Na kama tajiri wako amefuata kilimo shadidi, unashika mche mmoja mmoja wa siku nane hadi kumi na mbili, mlaini kama uzi, unauchomeka kwa nafasi ya sentimita 25 bila kuvunja mizizi. Mtu mwenye papara akipewa kazi hiyo anaharibu msimu mzima. Ule ni ufundi, ila haujapewa jina la ufundi.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maneno ni "thamani sawa". Wewe na yule mvuruga jaruba hamfanyi kazi moja, lakini bila yeye hakuna pa kupanda na bila wewe hakuna cha kuvuna, kwa hiyo tajiri hawezi kukwepa swali kwa kusema kazi zenu ni mbili tofauti.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko mashamba yenu ya Usangu. Mwaka 1968 wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari kwenye kiwanda cha Ford, Dagenham, Uingereza, waligoma. Kazi yao ilikuwa imewekwa daraja la wasio na ujuzi mkubwa, na hata ndani ya daraja hilo walilipwa asilimia 15 pungufu ya wanaume. Mgomo wao ulisimamisha kiwanda, maana gari lisilo na viti haliuziki, na ukachangia kuzaliwa kwa sheria ya malipo sawa ya Uingereza ya 1970. Lakini sikia hili: nyongeza ya pesa waliipata mapema, ila kukubaliwa kwamba kushona ni kazi ya ujuzi, na kupandishwa daraja, kuliwachukua mpaka 1984 na mgomo mwingine. Pesa ilitoka kabla ya jina.

Mnachoweza kufanya msimu ujao: acheni kupatana kwa siku, pataneni kwa ekari, kikundi kizima, bei itajwe kabla miche haijaiva kitaluni. Mche ukipitiliza siku zake unazaa machipukizi machache, na tajiri analijua hilo kuliko ninyi. Wakati huo yeye ndiye mwenye haraka.

Kamwene. Kwetu chai inalipwa kwa kilo, bei moja kwa wote. Mume wangu anasema ubaguzi hapo uko wapi? Lakini mwisho wa mwezi yeye hupokea zaidi kila mara. (Mchuma chai, Mufindi)

Kamwene, mama. Mumeo amesema kweli kuhusu mizani. Ila hesabu yake imeanzia kwenye mizani, na siku yako imeanza saa tatu kabla. Yeye ameamka, amenawa uso, amechukua kapu. Wewe umewasha moto, umechota maji, umewapeleka watoto njia ya shule, ndipo unaingia kwenye mstari wa chai wenzako wakiwa wameshajaza kapu la kwanza.

Ukiwa na mtoto wa kunyonya ndiyo kabisa. Sheria inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Kwa karani wa ofisini saa hizo hazimpunguzii kitu. Kwa mchuma chai ni kilo ambazo hazikuchumwa, na kwenye karatasi zinasomeka kama uvivu. Niliwahi kumwuliza meneja wangu kwa nini tusiwalipe akina mama wastani wa kilo zao kwa muda ule. Akacheka, akasema nitamharibia mahesabu. Sikuuliza tena, na hilo najilaumu mpaka leo. Kama mna chama cha wafanyakazi, jambo hili ni la kuingizwa kwenye mkataba wa hali bora za kazi, kwa sentensi moja tu.

Kwa wenzetu matajiri hali ni hiyohiyo. Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi zilizoendelea sehemu kubwa ya pengo la mishahara siku hizi iko kati ya mwanamke na mwanamume wa kazi moja, na kwamba hufunguka akizaliwa mtoto wa kwanza. Kule ni mawakili na mameneja wa mabenki, huku ni makapu.

Na mashine za kuchumia zikija shambani kwenu, ziangalie vizuri. Mwenye mashine anavuna kwa siku kilo ambazo mkono haufikii. Uliza orodha ya watakaofundishwa imeandikwa na nani.

Mimi ni mhasibu, kampuni binafsi, mwaka wa sita. Kijana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu ameacha slipu yake kwenye printa: ananizidi laki mbili na nusu. Nilipouliza nikaambiwa mishahara ni siri, na tena yeye ana familia. (Mbeya mjini)

Pole sana, mdogo wangu. Lakini bosi wako amekusaidia bila kujua. Angesema kijana ana CPA, cheti cha juu cha uhasibu, nawe huna, au anasimamia matawi mawili, ningekuambia utulie kwanza tuone. Elimu, uzoefu na ukubwa wa majukumu ni sababu halali za kupishana. "Ana familia" siyo. Kifungu kilekile cha 7 kinakataza kubagua kwa jinsia, kwa hali ya ndoa na kwa majukumu ya familia. Andika maneno hayo leo, tarehe, saa, na nani alikuwepo.

Kisha andika barua. Usimtaje kijana wala printa. Uliza mambo mawili: nipo ngazi gani ya mshahara, na ngazi hiyo inapangwa kwa vigezo gani? Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ambatisha mkataba wako. Kama hukupewa wa maandishi, kosa ni la mwajiri, na ubishi ukitokea juu ya masharti ya kazi, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha.

Wasipojibu, au wakijibu kwa mafumbo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba moja. Madai ya aina hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea (ya kuachishwa kazi ni 30), kwa hiyo usikae ukisubiri bonasi ya Desemba. Wataanza kwa kuwasuluhisha. Watu wengi hawajui hili: ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba kuna ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea au kwamba sababu ni nyingine.

Gharama yake? Ofisi itanuna. Wapo watakaoacha kukuita kwenye chai. Nimewaona walioshinda na nimewaona waliohama kazi kabla ya kikao cha kwanza, na siwezi kusema kundi la pili lilikosea.

NINA KIWANDA CHA MBAO. MWANAMKE AKIJIFUNGUA NAKAA MIEZI MITATU BILA MTU. NIKIWALIPA PUNGUFU KIDOGO SI NAFIDIA TU? (Mafinga)

Siku 84, kaka, au 100 akijaliwa zaidi ya mtoto mmoja, na sheria inakubana kwa uzazi mara nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Una haki ya kulalamika kwamba ni mzigo. Lakini yule mama wa miaka hamsini na mbili anayepanga mbao zako juani, yeye unamkata kwa mimba ipi?

Natoka Kilolo, nafanya kazi za ndani hapa Forest. Napika, nafua, nalea mapacha. Kaka wa bustani anakuja saa moja, saa saba anaondoka, anapata 120,000. Mimi 60,000 kwa kuwa nakula na kulala hapa. (Dada wa kazi, Mbeya)

Mdogo wangu, swali lako limenikalisha macho. Nilitegemea kukuta wamevunja sheria. Kumbe wamefuata amri ya zamani ya mishahara, ile iliyoanza Januari 2023, neno kwa neno: kwenye nyumba za watu wa kawaida, mfanyakazi asiyelala kwa mwajiri 120,000, anayelala 60,000. Haikutaja mwanamke wala mwanamume. Sasa pita nyumba kumi za Forest uulize nani analala ndani.

Nilichukua kalamu. Kaka, saa sita kwa siku 26, anapata kama shilingi 770 kwa saa. Wewe, ukiamka saa kumi na moja na kulala saa nne usiku, hata nikikutolea saa tatu za kupumzika, ni kama 165. Huo ugali na kitanda wanavikukata kwa bei ya hoteli.

Mambo mawili. Amri mpya imeanza Januari 2026 na imepandisha viwango, kwa hiyo ulizia Ofisi ya Kazi kiwango chako cha sasa kabla ya kuzungumza na mama mwenye nyumba. Pili, saa za kawaida kisheria ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi zina malipo yake. Kulala kwa mwajiri hakukufanyi uwe kazini usiku kucha. Ukiona mshahara haugusiki, anza na saa: omba Jumapili yako yote.

Mimi najilimia viazi Isongole, sina bosi. Haya mambo yananihusu?

Yanakuhusu kwa mlango wa nyuma. Ripoti ya Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 ilikuta mashamba yanayosimamiwa na wanawake Tanzania yanatoa mavuno pungufu kwa kama asilimia 16 kwa eneo. Jembe la mwanamke halina kasoro. Anakosa nguvukazi na pembejeo kwa wakati. Na gunia likishafungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kipimo, angalia dalali anamkabidhi nani noti.

Mchumba wangu ni nesi wa serikali, mimi bodaboda. Ananizidi kipato, na kijiweni wananicheka eti kwangu pengo limegeuka. Nifanyeje, na mahari je? (Tukuyu)

Ndaga, kijana wangu. Mshahara wa serikali unakwenda kwa ngazi, nesi wa kike na wa kiume wa ngazi moja wanapokea sawa, na hapo serikali imewazidi matajiri wengi wa binafsi. Ila mwulize kuhusu posho: nani anateuliwa kwenda semina Dodoma, na nani anaambiwa abaki zamu kwa kuwa ana mtoto mdogo. Mkishaoana utakuwa sehemu ya jibu, maana atakapoitwa kwenye semina ya siku tano, mtu wa kubaki na mtoto ni wewe.

Kuhusu kijiweni sina dawa. Kuhusu mahari, hilo peleka kwa wajomba.