Ukigundua Marehemu Wako Alikuwa na Maisha Mengine

Juzi dada mmoja wa Bukavu ameniandikia. Kaka yake amezikwa wiki tatu sasa, na katika mfuko wa koti lake wamekuta simu ya pili. Ndani yake kuna mwanamke ambaye ukoo haumjui, na ujumbe mmoja unasema: mtoto anauliza baba atarudi lini. Dada ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa, na ananiuliza, "Yaya, niitupe ziwani au nimwonyeshe mama?"

Mdogo wangu, usiitupe. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze ya kwetu. Kwetu hakukuwa na simu ya pili. Kulikuwa na goti.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alifariki Novemba 2021, hapa Goma, mashariki mwa Congo, kwa homa ya siku nne. Wajomba wawili ndio waliomwosha. Mmoja akatoka nje, akamvuta mama pembeni, akamuuliza: "Huyu mtoto alikuwa akiomba anapiga goti moja tu?" Goti lake la kulia lilikuwa limeota sugu nene, ngumu kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. La kushoto lilikuwa laini. Mama akajibu kwamba ndiyo, mwanawe alikuwa mtu wa sala. Wote tukaridhika. Sisi tulimjua kuwa karani wa bohari ya saruji: asubuhi shati limepigwa pasi, kibegi cheusi mkononi, jioni anarudi na mkate.

Siku ya tatu ya kilio wakaja wanaume wapata ishirini, kila mmoja na chukudu yake. Wakazilaza ukutani moja baada ya nyingine, wakavua kofia. Mzee wao akasema, "Tumekuja kulia mukubwa wetu." Mjomba akadhani wamekosea nyumba.

Hawakukosea. Kwa miaka tisa yaya alikuwa akishusha kabichi, viazi na makala, yaani mkaa, kutoka Kibumba hadi mjini. Kwa wasomaji wa mbali: chukudu ni kigari cha mbao chenye magurudumu mawili, nayo ya mbao, yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Kinabeba magunia ambayo pikipiki haithubutu. Kwenda juu unasukuma, au unajishikiza kwenye lori. Kurudi, mteremko wa volkano unakuchukua, na breki yako ni kipande cha tairi unachokikanyaga nyuma. Dereva anapiga goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, mguu wa pili unasukuma barabara. Goti moja, kila siku, miaka tisa. Shati la pasi alikuwa akilivua kwa seremala mmoja upande wa Munigi, na jioni analivaa tena.

Yule mzee akatoa bahasha. Zamu ya yaya katika likelemba yao, mchango wa kupokezana, ilikuwa inafika mwezi ule, na hawakuirusha. Akatoa na daftari. Kila ukurasa una tarehe, idadi ya magunia, hela iliyoingia, na mwisho wa mwezi mstari mmoja uleule: minervali ya mdogo, yaani karo. Mdogo ni mimi. Lisansi yangu, shahada ya chuo kikuu, ile picha ya kofia na joho iliyotundikwa sebuleni kwa mama, imelipwa kabichi kwa kabichi.

Kisha kijana mmoja akaniangalia. "Ni wewe ule wa lisansi? Ule alirudia mwaka wa pili?" Walijua kila kitu changu! Jina langu, kitivo changu, hata mtihani ulioniangusha. Yaya aliwasimulia watu ishirini wa barabarani habari zangu, na mimi niliyelala chumba cha pili hakuniambia neno. Niliumia. Miaka imepita na bado ninaumia, sitawadanganya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nilimwona kwa macho yangu. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 asubuhi ikatoka amri ya kuhamisha kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji. Sisi wa Mabanga tulikuwa ndani ya hizo 10. Watu walijaa barabara ya Sake, wengine wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Yaya akatokea na chukudu, akasema ameiazima. Akapanga magodoro, sufuria na gunia la unga, akafunga kamba kwa namna ambayo hakuna karani anayeijua, akamketisha mama juu kama malkia, akasukuma zaidi ya kilomita 20. Mimi nilitembea nyuma nikiwa na kiroba cha diploma zangu, nikiona aibu watu niliosoma nao wasinione nafuata chukudu. Niliona aibu, na yeye alikuwa akigeuka kila mara kuuliza kama nimechoka.

Sasa nifike pale ambapo sikuwahi kuandika. Wakati yaya anavua shati kwa seremala, mimi pia nilikuwa nikivua langu. Tangu nimalize chuo nilikuwa nikiaga nyumbani kwamba nakwenda "staji", mafunzo ya kazi, kwenye shirika. Hakukuwa na staji. Nilikuwa nimepeleka barua za kazi mpaka nikachoka kuhesabu, na kuanzia 2019 nilikuwa Birere nikiuza nguo za mitumba kwenye meza ya mama mmoja, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi nisitambuliwe. Jioni tulikaa mezani, yeye karani, mimi mwanastaji, tukipeana sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kuulizana "kazi imeendaje?" Wote wawili tukajibu, "Vizuri."

Nilisoma daftari lile usiku mzima wa kilio na kulipokucha nilikuwa nimejijua. Nilikuwa na akili ya biashara, nilikuwa naijua hesabu, na nilikuwa naikimbia kwa sababu haina ofisi. Mwanzoni mwa 2022, kwa hela ya bahasha ile na kwa idhini ya mama, nilifungua depo ndogo ya viazi na kabichi karibu na soko la Virunga. Wa kwanza kuniletea mzigo walikuwa wenzake yaya. Vita imekata barabara mara nyingi tangu hapo, kuna miezi ambayo sikuuza gunia hata moja, lakini ukija utanikuta, sijajifunika uso, na kibao kina jina langu kamili.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Bukavu, nikushauri. Simu hiyo usiipekue peke yako usiku. Uliza watu kabla ya kusoma maandishi, maana maandishi hayakujibu ukiwa na swali. Tafuta waliokuwa wakikaa naye mchana. Walikuja kwenye kilio, mliwapa viti vya nyuma, mkaendelea na wageni wa mbele. Warudie. Waulize kwanza madeni yake na likelemba yake, ndipo mambo ya moyo yafuate. Na uliza kabla ya kuhukumu, nalirudia hili kwa sababu mjomba wetu alihukumu: alitaka chukudu ipasuliwe kuni ili jina la ukoo lisichafuke. Ukoo ambao haukutoa hata franga moja ya minervali! Tuna sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji, wageni wanapiga nayo picha, halafu mtu anaona haya kuwa nayo nyumbani kwake.

Kuhusu mtoto, hapo msicheze. Sheria ya Familia ya Congo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya kila mtu, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Fungu lao ni robo tatu ya urithi. Mama yenu, wewe na ndugu zako mko katika robo inayobaki. Nendeni komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mkaulize kama mtoto ameandikishwa, kabla mjomba yeyote hajachukua ufunguo wa nyumba. Na mama aambiwe. Mama yangu alilia siku mbili, siku ya tatu akaomba aletewe chukudu uani, akaketi juu yake pale alipoketi siku ya Sake.

Acheni kuwalea wadogo zenu kwa aibu, jamani. Mtoto anayeona mnacheka mtu wa chukudu atajifunza kuficha goti lake.

Huyo mwanamke mpigie asubuhi, usimpigie usiku, simu ya usiku inatisha. Usianze na habari ya kifo wala ya urithi. Anza kwa kumtajia jina lako na kusema wewe ni dada yake, kisha unyamaze. Huenda analijua jina hilo tangu zamani.