Baba anataka daktari, binti hataki Fizikia

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu amemaliza upimaji wa Kidato cha Pili, Januari anaingia cha Tatu na anatakiwa achague masomo. Baba yake ana duka la dawa na ameshaamua: mtoto atasoma sayansi awe daktari. Wageni wakija anamtambulisha kwa jina la "Dokta". Mtoto hataki. Anasema anaacha Fizikia na Kemia, anakwenda mchepuo wa biashara pamoja na rafiki zake. Mtihani wa muhula alipata Baiolojia 68, Kemia 52, Fizikia 31, Hisabati 38. Mwalimu wa Fizikia alihama mwezi wa tano na hajaletwa mwingine. Jirani yangu ananiambia Fizikia itamshusha divisheni. Nimefikiria nikamwandikishe biashara kimyakimya, baba yake ajue mambo yakishakwisha. Nitakuwa nimekosea? Na mdogo wake anayekaribia kuanza sekondari nimpange vipi?*
*Mama wa Njia Panda, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu.

Hilo la kimyakimya usilifanye. Mumeo atajua siku ripoti inaingia nyumbani, na hasira zake hazitaishia kwako. Kuanzia siku hiyo kila alama mbaya ya biashara itakuwa ushahidi kwamba baba alikuwa sahihi, na mtoto atakuwa anafanya mitihani huku akibeba kesi ya wazazi wake.

Halafu, katika barua yako nimetafuta sababu ya binti mwenyewe sikuiona. Ya baba umenipa, ya jirani umenipa, na wasiwasi wako nimeuona. Yeye umemwandikia "hataki" na "rafiki zake", basi. "Hataki" ya mtoto wa umri huo inaweza kuwa haelewi, inaweza kuwa amechoka kuitwa Dokta mbele za watu, au kweli anapenda biashara. Kila moja ina dawa yake. Nenda naye sokoni au shambani, mbali na masikio ya nyumbani, umuulize: mngekuwa na mwalimu mzuri wa Fizikia, ungeiacha? Na rafiki zako wote wangebaki sayansi, ungekwenda biashara peke yako? Ukishauliza nyamaza. Najua wewe ni mama na kunyamaza ni kazi.

Sasa hizo alama. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, 31 ni D, kwa sababu D inaanzia 30 hadi 44. Darasa lililokaa bila mwalimu tangu Mei, mtoto akatoka na D, mimi simhukumu kwa hiyo. Kemia 52 ni C, Baiolojia 68 ni B. Huyu si mtoto aliyeshindwa sayansi. Hisabati 38 ndiyo inayonikosesha raha, na hapo biashara haimfichi: akifika Kidato cha Tano akachukua ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, bado atakutana na BAM, ile hisabati ya msingi ya Kidato cha Tano na Sita. Kwa hiyo kama una hela ya tuisheni ya somo moja tu likizo hii, ipeleke Hisabati, uamuzi wowote utakaofanyika.

Jirani yako mwambie hivi. Divisheni ya Kidato cha Nne inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya kwanza inaishia pointi 17, ya pili 21, ya tatu 25. Masomo ya lazima kwenye mtaala wa binti yako ni saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Baiolojia, Jiografia, Historia na Uraia. Akiongeza Fizikia na Kemia anakuwa na tisa, na mawili yaliyo mabaya zaidi yanaachwa nje ya hesabu. Fizikia ikiwa mbovu peke yake haimshushi. Inachoweza kumnyang'anya ni muda, hasa kama anakesha nayo bila mtu wa kumwelekeza huku Hisabati ikilala.

Mumeo naye anastahili kuambiwa ukweli kamili, ule unaompendeza na ule usiompendeza. Udaktari kupitia Kidato cha Sita unadai PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na chuo kikuu kinataka ufaulu wa yote matatu. Bila Fizikia mlango huo umefungwa. Lakini Kemia akibaki nayo, kuna CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, inayompeleka kwenye kilimo, mazingira au ualimu wa sayansi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mnacho hapo hapo Morogoro, mzee akatembee aone. Kwa hiyo mjadala wenu wa "sayansi au biashara" umeruka njia ya katikati, ingawa shule nyingine ratiba yao inafunga Fizikia na Kemia pamoja; hilo uliza.

Ushauri wangu: Kemia asiiache. Fizikia aingie nayo Kidato cha Tatu, muhula mmoja, kwa masharti. Nendeni shuleni wewe na mumeo, muonane na mwalimu wa taaluma. Ulizeni mwalimu wa Fizikia anakuja lini, na ulizeni maabara, kwa sababu Fizikia na Kemia zina mtihani wa vitendo na mtoto asiyewahi kushika vifaa ataadhirika siku hiyo. Ulizeni pia mwisho wa kubadili masomo ni lini, kabla shule haijamsajili kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Majibu yakiwa ya kubabaisha, au muhula ukiisha na yeye bado anasema hataki na sababu anayo, aiache, na mumeo akubali mapema, mbele ya mtoto, kwamba itakuwa hivyo. Akikataa kukubali mbele yako, mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake au mzee wa ibada yake, aongee naye. Na jina la Dokta mwombe aliweke pembeni kwanza. Wakati huo mtoto asome kwa sababu anasoma.

Huyo mdogo wake usimpimie kwa haya niliyokuandikia. Atakuta mtaala mpya, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na orodha yake ya masomo si hii. Muulize mwalimu wa taaluma siku hiyohiyo mtakayokwenda, nauli mtakuwa mmeshalipa.