Fomu ya kwanza ya shule humfuata mtoto: tuliyojifunza baada ya kuhamia Houston

Muuguzi wa shule alinipigia simu saa nne asubuhi, kadi ya kliniki ya binti yangu ikiwa mkononi mwake. Aliuliza swali moja, akalirudia polepole ili nielewe: mwezi wa kumi na saba ni mwezi gani?

Kadi ilitoka Tanga. Chanjo ya surua iliandikwa 17/06/2015, siku kwanza na mwezi baadaye, kama tunavyoandika sote nyumbani. Marekani mwezi ndio unaotangulia. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mtoto amezaliwa lini hasa. Nikamwambia tarehe 4 Septemba 2014. Kwenye fomu ya kuandikisha nilikuwa nimejaza 04/09/2014 kwa mkono wangu mwenyewe, na shule ikasoma 9 Aprili.

Kosa hilo si dogo. Hapa katika jimbo la Texas umri unahesabiwa kufikia tarehe 1 Septemba. Aliyetimiza miaka 5 siku hiyo anaingia chekechea, ambaye hajatimiza anasubiri au anaingia darasa la watoto wa miaka minne, linaloitwa pre-K. Binti yangu alipungukiwa na siku tatu. Kwa hiyo wiki tatu nzima alikuwa ameketi na watoto waliomzidi kwa karibu mwaka, haelewi lugha, haelewi kazi, kila jioni anarudi macho yamevimba. Mimi nikadhani ni ugeni tu, utaisha.

Ndiyo maana nawaandikia wazazi wenzangu mnaofika sasa. Mtu akifika anahangaikia sare, begi, basi la njano litasimama wapi. Hayo yatajipanga yenyewe. Kinachohitaji utulivu wako wote ni ile fomu ya siku ya kwanza, kwa sababu utakachoandika pale kitamfuata mtoto miaka mingi. Andika mwezi kwa herufi kila unapoweza. Pale fomu inapolazimisha tarakimu, anza na mwezi. Majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, hata kama nyumbani mtoto anatumia jina la babu badala ya la baba. Kisha nakili kadi ya kliniki kwenye karatasi safi, chanjo moja moja, miezi kwa maneno, na uiambatanishe na kadi yenyewe.

Na kadi hiyo usiitupe hata ikiwa imechakaa. Chanjo zilizoandikwa humo nyingi zitahesabiwa, ingawa si zote. Surua ya miezi tisa haihesabiwi hapa, wanataka iliyotolewa baada ya mtoto kutimiza mwaka, tena iliyochanganywa na ya matumbwitumbwi. Ya tetekuwanga huwa haimo kabisa kwenye kadi zetu. Usiingie hofu ya gharama: upo mpango wa serikali kuu, ulioanza 1994, unaotoa chanjo bila malipo kwa watoto wasio na bima hadi miaka 18, na kliniki za idara ya afya ya jiji zinaufahamu. Ukiombwa kipimo cha kifua kikuu, sema mapema kwamba mtoto alichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa, uombe kipimo cha damu. Kile cha kuchoma chini ya ngozi kinaweza kuonyesha ugonjwa ambao mtoto hana, kwa sababu ya BCG tu.

Sasa nije kwenye swali lililotutesa zaidi: mnaishi wapi?

Tuliingia Agosti 2019 kwa bahati nasibu ya viza, tukafikia kwa wifi yangu. Watu wanane, vyumba viwili. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa jina lake, bili ya umeme ya jina lake. Karani wa shule ya kwanza tuliyokwenda alitutazama mikono mitupu, akasema turudi tukishakuwa na bili yetu. Tukarudi nyumbani. Watoto wakakaa wiki nzima wakitazama wenzao dirishani wakipanda basi, na sisi tukaamini kwamba aliyeko nyuma ya kaunta ndiye sheria.

Sheria ilikuwa inasema mengine. Tangu 1987 kuna sheria ya nchi nzima iitwayo McKinney-Vento. Inawahusu watoto wasio na makazi ya kudumu, na ndani yake imo familia iliyobanana kwa ndugu kwa sababu haina uwezo wa kupanga. Mtoto wa familia hiyo anaandikishwa mara moja, karatasi zifuate baadaye, na chakula cha shule anapata bure. Kila wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo, lazima iwe na mtu wa kushughulikia hilo. Sisi tulielekezwa kwake na mama mmoja tuliyekutana naye kanisani kwa jirani, na siku ya pili watoto walikuwa darasani.

Lakini kwanza ilibidi baba watoto akubali kuweka alama kwenye kisanduku cha wasio na makazi. Alikataa usiku kucha. Alisema hajavuka bahari kuja kuandikwa kwamba hana kwa kulala. Nilimwelewa, na namheshimu kwa uchungu ule. Nilichomwambia ni kwamba kisanduku kile hakimsemi yeye, kinasema mtoto asizuiwe. Aliweka alama asubuhi bila kuzungumza. Ikiwa nanyi mko sebuleni kwa shemeji au rafiki, jazeni ukweli. Hali ikibadilika, mtabadilisha. Sisi tulipata nyumba Novemba, nikapeleka mkataba, na ikaishia hapo.

Ukiona pengo la namba ya Social Security, ile namba ya mtu inayotolewa na serikali kuu, liache wazi. Kadi zetu zilikuwa hazijafika na bado watoto waliandikishwa, shule inampa mtoto namba yake nyingine. Wala hutakiwi kuonyesha hali ya uhamiaji. Nawaambia hasa wale ambao karatasi zao hazijakamilika na wanaogopa kulikaribia geti la shule: ni hapa hapa Texas, mji wa Tyler, wilaya ya shule iliwatoza wazazi wasio na karatasi dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1982, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamuliwa kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo.

Halafu kuna karatasi fupi kuliko zote, ambayo wengi wanaijaza wamesimama. Inauliza nyumbani kunazungumzwa lugha gani zaidi, na mtoto mwenyewe anatumia lugha gani zaidi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama Mkongo aliyelelea wanawe katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Aliambiwa na watu kwamba ukiandika Kiswahili mtoto anatengwa, anafundishwa mambo ya kitoto, hatoki tena huko. Akaandika Kiingereza. Mwanawe wa miaka tisa akawekwa darasani kama mzaliwa wa hapa. Mtoto ambaye jioni tunamsikia kwenye ngazi akisimulia hadithi mpaka wenzake wanasahau mpira, shuleni hakufungua mdomo miezi mitatu. Walimu wakaanza kuandika kwamba hasikilizi, na mazungumzo yakaelekea kwenye ulemavu wa kujifunza. Nilikwenda naye kwenye kikao. Alipoulizwa nyumbani wanazungumza nini, alinitazama kwanza, ndipo akasema: Kiswahili, na Kibembe kwa bibi yao. Mwalimu aliweka kalamu chini. Mtoto akapimwa Kiingereza wiki hiyo na kupewa mwalimu wa lugha.

Ile karatasi ndiyo inayomfungulia mtoto haki ya kusaidiwa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, kwamba kumketisha mtoto asiyejua Kiingereza darasani bila msaada ni kumnyima elimu. Msaada huo si kifungo. Mzazi anaweza kuukataa kwa maandishi, na hapa Texas mtoto anapimwa kila mwaka kwa mtihani uitwao TELPAS, akishaweza anatoka. Ila ukikosea jibu usitegemee bahati ya jirani yangu, kwani kwa kanuni nafasi ya kulirekebisha ni finyu: kwa maandishi, ndani ya wiki mbili tangu kuandikishwa, na kabla mtoto hajapimwa. Kwa binti yangu Kiswahili kilifungua mlango mwingine kabisa. Pre-K ya serikali hapa Texas ni bure kwa mtoto wa miaka minne asiyejua Kiingereza. Tarehe yake iliporekebishwa, ndiko alikohamishiwa, na siku ya nne alirudi akiimba.

Jambo la mkalimani sitaki kulipita. Kikao changu cha kwanza na mwalimu wa kijana wangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 11, aliyekalimani ni yeye mwenyewe. Mwalimu alizungumza dakika mbili nzima, uso umekunjamana. Mwanangu akanigeukia: "Mama, anasema ninaendelea vizuri." Sikumgombeza. Mzigo ule haukuwa wa kwake. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumweleza mzazi mambo ya mtoto kwa lugha anayoielewa, na hilo linatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Omba siku mbili tatu kabla, wengi wanampata mkalimani kwa simu. Taja kama unataka Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania. Jirani yangu aliwahi kupewa mkalimani wa Mombasa, akatoka na nusu ya habari.

Mwezi uliopita jirani huyo alipanda kwangu na fomu ya mtoto wake wa mwisho, aliyetimiza miaka minne. Tulikaa mezani, chai ikapoa. Tarehe ya kuzaliwa aliniuliza, nikamwandikia mwezi kwa herufi. Alipofika kwenye swali la lugha hakuuliza mtu, aliandika Kiswahili kwa herufi kubwa, akaukandamiza wino mpaka ukatokea nyuma ya karatasi. Kisha tukapiga picha kila ukurasa kwa simu yake kabla hajaipeleka.