Wanaojichapia vitabu huku Dodoma ni akina nani? Jibu la anayewachapia

Mbukwenyi wakuu.

Mleta mada ameuliza hivi: hawa waandishi wasiojulikana, wanaotoa vitabu kwa fedha zao wenyewe huku mikoani, ni watu gani hasa, wanaishi kwa kazi gani, kwa nini hawaendi kwa wachapishaji wanaoeleweka, na vitabu vyao mtu avipate wapi. Wachangiaji wengi mmesema ni wanafunzi wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, na walimu wa Kiswahili. Naomba nipingane nanyi, maana miswada yao inapita mikononi mwangu.

Nina steshenari nyuma ya Soko la Majengo. Bango linasema fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi na barua za maombi ya kazi. Halisemi miswada, lakini kwenye droo ya chini hakukosi kaunta buku la mtu linalosubiri zamu yake. Ilianza na mzee mmoja, naye akamwambia mwenzake, ikawa hivyo. Walimu wapo, sikatai, ila mwalimu siku hizi ana kompyuta, anachapa mwenyewe na kwangu anakuja kutoa kopi tu. Wanaoniletea mwandiko wa mkono ni watu wengine kabisa.

Nianze na walinzi. Dodoma hii ya wizara na taasisi, ukitafuta waandishi usihangaike maofisini, uliza getini. Kazi ya ulinzi wa usiku inamtaka mtu akae macho usiku kucha bila kufanya lolote. Ana taa, ana kiti, hana wa kuongea naye. Mmoja wao analinda nyumba Area D, Mrangi wa Kondoa, elimu yake darasa la saba na JKT. Kaandika riwaya ya upelelezi, kaunta buku tatu zimejaa. Nilipokuwa nachapa la pili nikakuta mbawa za kumbikumbi zimegandamana katikati ya kurasa, kwa sababu aliliandika msimu wa mvua chini ya taa ya geti. Kalamu ya bluu ni ya masimulizi, nyekundu ni ya maneno ya jambazi. Na kila sura, nasema kila sura, inaanza na mtu anayesikia kitu huko nje: mbwa, pikipiki, tawi linavunjika, mlango wa jirani. Hana haraka kabisa. Mpelelezi wake anaweza kukaa kurasa sita ndani ya gari akitazama dirisha moja lenye taa. Nikamshauri apunguze. Akanijibu, "Dada, mwizi haji kwa sababu wewe umechoka kusubiri." Nikaziacha zote sita, na mpaka leo naziona nzuri kuliko sehemu za bastola.

Halafu kuna nesi mstaafu aliyefanya kazi zahanati za vijijini Mpwapwa. Huyu anaandika vile alivyokuwa anakabidhi zamu: saa, hali ya mgonjwa, kilichofanyika, kilichotokea. "Saa nane na dakika ishirini usiku. Mimba ya tano, kaletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kibakwe. Chemli moja, mafuta kidogo." Sura nzima ukurasa na nusu, imekwisha. Hasifii mtu, halilii mtu. Mtoto akifariki anaandika saa, na nani alikuja kuchukua mwili, basi, anaingia sura inayofuata. Siku nachapa ile ya mapacha mteja wa picha za pasipoti aliniuliza kama nimefiwa.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaona jambo ambalo sijaliona likisemwa kwenye huu uzi. Tunauliza mtu kasoma wapi, wakati cha kuuliza ni kazi yake inamwachia muda wa namna gani. Mlinzi ana usiku mzima usiokatika, sentensi zake zinatembea. Nesi maisha yake yote aliandika akiwa amesimama na mgonjwa mwingine anaita, na hata sasa akiwa nyumbani na kiti chake anaandika amesimama.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Yupo kijiwe cha Nkuhungu, hana kaunta buku wala kalamu, anaandika kwenye simu akiwa amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria. Hadithi za mapenzi, anazirusha kwenye makundi ya WhatsApp kwa vipande. Vipande vya mwanzo bure, ukinogewa unatuma Sh 1,000 kwenye namba yake ndipo unaingizwa kundi la wanaoendelea. Kila kipande kinakatika pabaya, na siri ya kukatika huko alinipa mwenyewe: abiria amefika. Katika wote ninaowajua huyu ndiye anayepata fedha ya maana. Lakini alipotaka nimchapie kitabu, tukaona shida. Hadithi inayosimama roho mkononi kila baada ya kurasa mbili, kwenye simu inakunyima usingizi, kwenye karatasi inachosha. Hakuwa tayari kubadili, na kusema kweli wasomaji wake hawakuhitaji kitabu, walishaimaliza. Kinachomuumiza yeye ni PDF. Mtu mmoja analipa, anakusanya vipande vyote, kesho yake hadithi ipo Telegram bure.

Wapo na wastaafu wa serikali wanaoandika kumbukumbu za maisha yao. Hao hulipa vizuri, wanataka jalada gumu na picha ya suti, wanagawa siku ya sherehe. Sina mengi ya kusema. Kurasa arobaini za vyeo na semina. Ukimkuta anasimulia utoto wake akichunga ng'ombe Bahi kabla hajawa mtu mkubwa, hapo anaandika vizuri ajabu, kisha anapanda cheo na kitabu kinalala.

Dada wa kazi wa Ilazo nitamtaja kwa tahadhari, maana mwajiri wake hajui. Mashairi, yenye vina na mizani ya kuhesabika, jina la jaladani la kiume.

Anayenipa raha zaidi ni mzee wa Hombolo, mkulima wa zabibu na mtu wa kanisa. Anaandika historia ya ukoo wake. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kitabu chake kimekwenda kwa mwendo huo huo: akiuza, analeta sura na fedha, bei ikiwa mbaya, kitabu kinasimama mpaka mavuno mengine. Kabla sijachapa sura yoyote lazima kwanza aisome kwa sauti mbele ya wazee wenzake, na hapo ndipo penye kazi. Sura ya kuhamia kwao kutoka walikotoka ilipita. Sura ya njaa ilipita, tena waliongeza mambo. Ya kisima ikakwama. Kuna matawi mawili ya ukoo na kila moja linasema babu yake ndiye aliyechimba. Kisima chenyewe kilishafukiwa, lakini ardhi yake ipo, na ardhi sasa ina bei. Upande mmoja ukatishia kwenda kwa mtendaji kama kitabu kitatoka na jina la babu wa upande wa pili.

Nilidhani ataifuta sura. Akaja na kaunta buku lake, akaniambia, "Mwanangu, hapo acha nusu ukurasa, uandike: wazee hawajakubaliana." Na ndivyo kilivyotoka. Nusu ukurasa mweupe na sentensi moja juu. Jina lake mwenyewe hakuliweka, alisema kitabu ni cha ukoo.

Kwa wale mnaodhani haya ni ya kizazi cha simu, kumbukeni mshairi Mathias Mnyampala alikuwa wa hapa hapa. Alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, pale unapopita ukielekea Morogoro, jirani na ulipo Mji wa Serikali sasa. Riziki yake ilikuwa utumishi: ukarani, baadaye uhakimu. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kazi ambayo mzee wangu wa Hombolo anaijua na anabishana nayo kimoyomoyo. Ngonjera tulizokariri shule ya msingi, tumejipanga mstari mbele ya mgeni rasmi, yeye ndiye aliyezikuza. Kitabu chake cha ngonjera kilitoka 1970, yeye akiwa amefariki 1969. Shaaban Robert naye alikuwa karani, miaka mingi forodhani, kisha Idara ya Wanyama. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa bwana afya kabla hajaingia kwenye magazeti.

Tazama wote hao walikuwa wapi: penye meza, karatasi, wino na mshahara. Zamani hivyo vitu vilikuwa serikalini na misheni, kwa hiyo waandishi wakatokea huko. Mlinzi wa mwaka 1950 huenda alikuwa na riwaya yake kichwani, ila nani angempa daftari na taa? Leo daftari linanunulika na simu inaandika, ndiyo maana droo yangu ina watu wa kila namna.

Sasa la wachapishaji. Kuna wanaosema humu kwamba waandishi hawa wanaogopa kukosolewa. Baadhi, ndiyo. Lakini mchapishaji wa Tanzania kwa muda mrefu ameishi kwa vitabu vya shule. Miaka ya 1990 kampuni binafsi zilifunguliwa mlango wa vitabu vya kiada, baadaye serikali ikairudishia Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kazi hiyo, na fedha ikapungua. Riwaya ya mtu asiye na jina ni kamari ambayo wengi hawawezi kuicheza. Na kusubiri kunaua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mswada wake mwaka 1945 kwa Kikerewe, akakosa wa kuuchapa, uzeeni akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House walikitoa kitabu chake miaka zaidi ya thelathini tangu alipoumaliza, na mwaka 1981 akafariki bila kukishika mkononi. Mzee wa Hombolo hana hiyo miaka. Hata wenye majina waliona hivyo: Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe, Heko, na vitabu vyake vikasomwa nchi nzima.

Mlango mwingine ni tuzo. Tangu 2023 inatolewa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na TET, na ipo ya Safal kwa Kiswahili, ambayo inapokea hata mswada ambao haujawa kitabu. Nawasukuma wateja wangu huko. Wengi hukwama mahali padogo tu: huwezi kutuma kaunta buku, na kuchapa kurasa mia tatu kwa mtu wa mshahara wa mlinzi ni mzigo. Mimi nachukua Sh 500 kwa ukurasa, mlinzi wangu nilimruhusu alipe kwa mafungu.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo machache ya kazi. Nakala hamsini au mia usizipeleke kiwanda kikubwa. Mashine za ofseti zina gharama ya kuandaa sahani za kuchapia ambayo ni ile ile hata ukitoa nakala kumi, kwa hiyo kwa idadi ndogo unaumia. Printa ya kawaida na pini inatosha. Namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iombe mapema kabla ya jalada. Na kitabu cha pini ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, kila moja inatoa kurasa 4, kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa 4. Mswada ukiishia ukurasa wa 61 una kurasa tatu tupu. Ndiyo sababu vijitabu vingi vya mtaani vinamalizia na shairi kwa mama, shukrani kwa mchungaji na tangazo la duka la shemeji. Msicheke, ni hesabu ya karatasi. Nesi alipoambiwa ana kurasa mbili za kujaza alikataa shairi, akaorodhesha dawa na vifaa vilivyokuwa kabatini siku anaripoti kazini kwa mara ya kwanza. Orodha fupi sana. Ukurasa wa pili ukabaki mtupu.

Vinapatikana wapi: usivitafute duka la vitabu. Cha mlinzi kipo kwangu kwenye kioo, Sh 5,000, ila nakala nyingi huzichukua mwenyewe na kuwauzia walinzi wenzake alfajiri wakibadilishana zamu. Cha Hombolo hakiuzwi dukani, kinatolewa kwenye vikao vya ukoo na nje ya kanisa Jumapili, na ukiwa wa lile tawi la pili utapewa kwa maneno mawili matatu. Bodaboda mtafute WhatsApp, na tafadhali mlipe. Cha nesi kimeshapangwa chote, kimesimama kwenye jalada tu, kwa sababu watoto wake hawataki jina la familia na yeye hataki jina la kubuni. Wakimalizana nitaweka picha hapa.